Mabao Niliyomwekea Tajudin

Kyebando, Kampala
Mfungo Sita, Maulidi yamekwisha pita
(Februari 1978)

Kwa dada yangu mpenzi Rukiah,

Assalamu alaikum. Nakutolea salamu za moyo, wewe na shemeji Umar na mwanetu Naila, na wote mnaolala chini ya bati lenu hapo Majengo, Mombasa. Naomba barua hii iwakute na afya, na yale magoti yako yawe yametulia. Usiache kuyakanda kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa kitunguu thaumu, hata kama Naila analalamika harufu. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mola. Nakula, nalala, nasali. Habari za moyo utazisoma huko mbele.

Barua yako ya harusi ilinifikia, imefunguliwa na kubandikwa tena, kama barua zote siku hizi. Nilifurahi mno. Naila ninayemjua mimi ni yule aliyekuwa akilia akivalishwa viatu, leo anapakwa hina! Nikacheka peke yangu pale uliposema shemeji Umar ameshonesha koti jipya na tayari halifungi tumboni. Kisha nikafika pale ulipoandika, njoo wewe na shemeji yetu Tajudin, msikose. Nikaikunja barua nikaiweka chini ya mto.

Sitakuja, dada. Nakuomba usinikasirikie kabla hujafika mwisho, na usiisome barua hii mbele za watu. Ngoja mpaka uwe peke yako jikoni. Posta ya huku haitaiona. Anaichukua jirani yangu Perpétue, Mkongo wa Butembo, anayeuza vitenge soko la Owino na kuvuka navyo mpaka Kisumu, kisha hurudi na sabuni na chumvi ambazo hapa zimekuwa kama dhahabu. Atainunulia stempu huko Kisumu. Ni mwanamke wa kanisani, hakosi misa, na mimi na yeye tumekuwa kama mtu na dada yake. Usione wivu.

Nilikuandikia kwamba Tajudin amesafiri kikazi. Niliandika hivyo kwa ajili ya hao wanaofungua barua. Ukweli ni kwamba mume wangu alichukuliwa mwanzoni mwa Desemba, mchana kweupe, watu wakiona, na tangu siku ile kazi yangu ilikuwa moja tu, kumngoja. Nikikueleza nilivyomngoja utaelewa kwa nini siji. Univumilie nianze mbali kidogo, maana unajua mimi sikusoma sana, nikiruka jambo nitapotea.

Unamkumbuka Tajudin na mpira. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinitania kwamba nimeolewa mke wa pili, mpira ndio mke mkubwa. Mungu hakutujalia watoto, na yeye badala ya kunung'unika akawa anaokota watoto wa watu viwanjani. Fundi cherehani mzima anaacha suruali ya mteja ina mguu mmoja, anakwenda kutazama vijana wanaocheza peku kwenye udongo, jioni anarudi ananiambia, "Mwanawetu, leo nimeona mguu." Hasemi ameona kijana, anasema ameona mguu. Basi mimi najua niongeze ndizi chunguni, maana huo mguu utakuja kula.

Ilipita mingi mezani kwetu. Wa mwisho walikuwa wawili. Mmoja Ogwal, kijana wa Lira, mrefu, mshambuliaji, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti. Wa pili Kasereka, golikipa, mtoto wa huyu huyu Perpétue. Hawafanani kwa lolote. Ogwal hasemi mpaka aulizwe, Kasereka hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni. Lakini wote wawili wakimwita Tajudin baba, na mimi mama, mpaka Perpétue akawa anamwuliza mwanawe, "Na miye je? Miye ni shangazi?"

Sasa, huko Kisumu kuna ligi ndogo wanayoiita ligi ya mapumziko. Mwisho wa mwaka, ligi kubwa zikisimama, viwanda na makampuni ya huko huchukua vijana wanaochipukia, watoke popote, wakawachezesha miezi michache. Wakubwa wa timu huja wakakaa kwenye majani wakatazama. Kijana akionekana pale, mwaka unaofuata ana timu na ana mshahara. Asipoonekana anarudi kwao na viatu vilivyotoboka. Tajudin alikuwa akiwapeleka vijana wake huko kila mwaka. Anawafikisha mpakani Busia mwenyewe, anawaombea dua, anarudi kuwafuatilia kwa redio, maana idhaa ya Kenya hutangaza mechi Jumamosi na Jumapili.

Ungemwona! Tangu asubuhi betri zinaanikwa juani juu ya bati zipate nguvu, maana mpya hazipatikani. Adhuhuri ikishasaliwa anafuta meza yake ya kukatia nguo, anachora uwanja kwa chaki ya fundi, anapanga vifungo. Kifungo cheusi cha koti la mvua ndiye Ogwal. Kifungo cha shaba ndiye Kasereka. Hao wengine ni vifungo vya mashati tu, hawana majina. Mtangazaji akisema mpira uko kulia, yeye anasogeza kulia. Na kusema nao! Ogwal akikosa anamkaripia kwamba mguu wake wa kushoto umelala, auamshe. Kasereka akitoka golini ovyo anamwuliza, wewe unakwenda wapi, umesikia chungu cha jirani kinachemka? Kisha ananigeukia mimi na maharage yangu, ananiuliza kwa dhati kabisa kama amtoe au amwache, kama kwamba Kisumu wanangoja shauri letu. Ndivyo nilivyojifunza mpira, dada, bila kutaka.

Msimu huu Ogwal alichukuliwa na timu ya kiwanda cha sukari, Kasereka na timu ya watu wa reli. Ligi ilikuwa imeanza tu gari la watu wa usalama liliposimama mlangoni. Mtu fulani, Mungu anamjua, alikuwa amesema fundi wa Kyebando anavusha vijana kuwapeleka kwa waasi. Mmoja wao akaniuliza, "Mama, hii mzee yako iko napeleka vijana wapi?" Nikamwambia wako Kisumu wanacheza mpira, Jumamosi afungue redio atawasikia mwenyewe. Akawageukia wenzake akacheka sana. "Sikia hii mama! Adui iko nafunga goli!" Nakwambia kweli, hata Tajudin alicheka kidogo. Alikuwa bado ana futi yake shingoni. Walipomshika mkono akaniambia nisisahau kuanika betri. Neno hilo ndilo aliloniachia, basi nikalishika.

Nilikwenda Luzira, kwenye lile gereza kubwa. Nikasimama na wanawake wengine mpaka miguu ikavimba, wakaniambia jina hilo hawana. Nikapanda Mbuya, kwenye kambi ya jeshi. Askari wa getini akanitazama kama mtu anayemwonea mtoto huruma, akasema, "Nnyabo, wacha kusumbuka. Bwana yako ilikimbia Kenya. Iko na bibi mupya kule, mutoto mudogo, laini. Rudi nyumbani pika chakula yako." Wenzake wakacheka. Dada, nilirudi kwa miguu nikiomba iwe kweli. Mwanamke gani anamwomba Mungu mumewe awe ameoa msichana? Mimi nilisali rakaa mbili kwa ajili hiyo.

Basi nikawa naanika betri. Kila Jumamosi na Jumapili Perpétue alikuja na kigoda chake, redio tukaiweka sauti ya chini, maana kusikiliza Kenya siku hizi kunaweza kukuletea maneno. Yeye akimsikiliza mwanawe, mimi nikimsikilizia mume wangu. Nilijua akirudi hataniuliza chakula, ataniuliza Ogwal. Kwa hiyo nilikuwa namwekea. Kila bao, nani alitoa pasi, mguu gani, kipindi cha kwanza au cha pili. Nikayarudia nikiosha vyombo kama vile tulivyokuwa tukihifadhi sura chuoni, Mwenyezi Mungu anisamehe. Uwanja nikauchora kwa chaki, umepinda, na vifungo nikavipanga.

Ogwal alianza vibaya. Mechi za mwanzo alikuwa akizunguka tu kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe, mtangazaji akasema kijana ana urefu lakini hana haraka. Niliumia kama nimetukanwa mimi. Kisha siku moja akafunga, tena kwa kushoto! Perpétue akapiga kelele, "Yesu Maria!" nami nikamziba mdomo kwa leso. Na Kasereka akazuia penalti, mtangazaji akauliza huyu kijana alikuwa amefichwa wapi miaka yote hii. Perpétue akajipiga tumbo akaijibu redio, "Humu! Miye ndiye nilimuficha!"

Tulicheka, dada. Sikufichi. Lakini Perpétue akishaondoka na kigoda chake, chumba kinakuwa kama moto uliomwagiwa maji. Nina bao kifuani na sina wa kumpa. Nilikuwa naiambia cherehani. Na kila alasiri baada ya kuoga nilipaka wanja, nikavaa leso yangu nzuri ya rangi, nikachoma udi kama upo. Nilitaka akiingia akute mke, asikute matanga.

Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Januari. Kabla mpira haujaanza, mtangazaji akasema Ogwal ameingia uwanjani na kitambaa cheusi mkononi, peke yake katika timu nzima, hatujaambiwa amefiwa na nani, tunampa pole. Nikasema ni baba yake, yule mchungaji. Wewe uko mbali, lakini umesikia yanayowapata watu wa upande ule, sina haja ya kuyaandika. Nililia kwa ajili ya mama yake Ogwal. Nikawaza nitamwambiaje Tajudin akirudi, maana yeye na mchungaji walikuwa marafiki wa kubishana dini kwa birika zima la chai, na kila mmoja aliamini anakaribia kumshinda mwenzake. Kesho yake asubuhi nikamwagiza mtu wa basi apeleke rambirambi zangu Lira.

Nitakwambia hapa hapa nisije nikasahau. Rambirambi zilifika, na aliyezipokea mlangoni ni marehemu mwenyewe, akiwa ameshika kikombe. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha jua.

Maana Jumapili hiyo hiyo walicheza watu wa reli. Perpétue alikuwa anachagua mchele. Mtangazaji akasema golikipa Kasereka naye amefunga kitambaa cheusi, kama tulivyomwona jana yule kijana mwenzake wa Uganda. Nikamgeukia Perpétue nimpe pole. Nikamwuliza ni nani, mbona hukuniambia? Akaacha mchele. Akasema, "Kwetu hakuna mutu alikufa, dada. Miye ningejua. Miye ni mama yake."

Mpira ukaanza. Mimi nikawa nasogeza vifungo. Nilikuwa navisogeza, dada, lakini macho hayaoni. Mtu wa Lira na mtu wa Kongo. Huyu ana kanisa lake, yule lake. Timu mbalimbali, jezi mbalimbali, lugha ya nyumbani hata moja hawana pamoja. Ni nani huyo anayeweza kuwafia wote wawili? Halafu nikakumbuka mwaka ule mwenyekiti wa zamani wa timu yetu ya mtaa alipofariki, Tajudin alikata vitambaa vyeusi kwenye meza hii, akawafunga vijana mmoja mmoja mkononi, akawaambia hiki hufungiwa mzee aliyekulea katika mpira.

Perpétue alifika kwenye jibu kabla yangu. Nilimwona usoni. Akanyoosha mkono akazima redio, akasema betri zimechoka. Hazikuwa zimechoka. Nilizianika mwenyewe.

Sikulia. Nikamwambia labda ni mtu mwingine. Akasema labda. Siku zilizofuata nilipaka wanja mwingi kuliko siku zote.

Perpétue hakungoja siku yake ya safari. Alikusanya vitenge vichache akavuka. Aliporudi hakukaa kwenye kigoda, alikaa chini kwenye mkeka karibu na mimi, nami nikajua. Akaniambia yuko mtu aliyefungiwa pamoja na Tajudin, Mungu akamfungulia njia akatoka, akafika Kisumu. Alipofika aliwatafuta wale vijana, kwa sababu huko ndani Tajudin hakuwa na hadithi nyingine. Kila alipoingizwa mfungwa mpya, watu wakimwuliza habari za mjini au za ndugu zao, Tajudin alimwuliza, "Ndugu yangu, Jumamosi Ogwal amefunga?" Na hakuna aliyejua. Walikuwa wanaletwa watu wa sokoni, watu wa maofisini, wenye shida zao, nani angejua ligi ya watoto ya Kisumu?

Mimi nilijua, dada. Nilikuwa nayo yote. Alikufa mwisho wa Desemba, kwa homa na kwa hayo waliyomfanyia, na mabao yake yote yako hapa kwangu.

Vijana waliogopa kuandika, wasije wakaniletea watu mlangoni. Ila walijua redio ya nyumba hii haikosi mechi. Wakafunga vitambaa, kila mmoja katika timu yake.

Perpétue alipomaliza akabaki anasokota ncha ya kitenge chake. Nikamwambia kuna kitu umebakiza. Akasema kipo, lakini ni cha aibu, na njia nzima ameapa kwa Bikira Maria hataniambia. Nikamshika magoti. Ndipo akasema kwamba yule mtu, Mwislamu kama sisi, tena mtu mzima, Tajudin alipokata roho alipiga viganja ukutani penye vumbi akampaka usoni. Kisha akapiga tena, akampaka mikononi. "Mavumbi, dada! Juu ya uso wa Mzee!" Kwao maiti huoshwa kwa maji ya moto na sabuni hata kama sabuni ni ya kukopa. Alikuwa amegombana na yule mtu huko huko Kisumu, amemwuliza Mzee alikukosea nini hata umchafue. Na yule mtu akawa analia tu, hawezi kumweleza.

Nikasema, Alhamdulillahi.

Perpétue alinitazama kama akili imeniruka. Nikamshika mikono yote miwili nikamwambia sikiliza. Hapakuwa na maji. Maji yaliyokuwapo huko ndani yalikuwa ya watu wasife kwa kiu. Na sisi, maji yakikosekana, Mola ameturuhusu vumbi safi. Hakumchafua, Perpétue. Alimtayamamisha. Alimtoharisha. Mume wangu hakuondoka hivi hivi kama mzigo, alikuwa na mtu wa kumwosha, na bila shaka mtu huyo alimsalia. Hapo ndipo nilipolia, mara ya kwanza tangu Desemba, na yeye akalia pamoja nami, akawa anasema pole, nilimutukana mutu wa Mungu, nitarudi kumuomba radhi. Na amekwisha rudi, amemwomba.

Sasa, dada, ndilo hili nililokusudia kukwambia, na hapa Kampala wanaolijua ni watu wawili tu. Niko edani.

Nilimwita mwalimu wangu aliyenisomesha Kurani. Ni mzee sana sasa. Alimwuliza Perpétue, akamrudisha nyuma kila neno, na walipofika kwenye lile vumbi akavua miwani. Akasema mama huyu ni Mkristo, jambo hili hawezi kulitunga, habari ni ya kweli. Akanifundisha kwamba eda, ile miezi minne na siku kumi, huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya kupata habari, kwa hiyo sehemu yake imekwisha pita mimi sijui. Siku zile za wanja na leso ya rangi, dada, nilikuwa tayari mjane. Mwalimu akasema Mwenyezi Mungu hamwandikii mtu asilolijua. Nimekubali. Lakini zipo siku naona haya. Na zipo siku najiambia, kama aliniona kutoka huko aliko, alifurahi.

Ila siwezi kukaa eda mbele za watu. Askari wamekwisha sema Tajudin amekimbilia Kenya. Nikikaa kama mjane nimewaambia ni waongo, na watataka kujua nani aliyenipa habari, na njia hiyo inaishia mlangoni kwa Perpétue. Basi nimefunga mguu bendeji. Nimetangaza kwamba niliteleza kwenye tope, mfupa umepata ufa, nisitoke. Mwalimu akija watu wanasema amekuja kuuombea mguu. Majirani wamenifaa, Mungu awalipe. Wananiletea supu ya kwato. Apio muuza ndizi kila akipita anapiga kelele dirishani, "Mama Mwanawetu, amka tucheze! Mguu gani huo unakula ng'ombe mzima na haupoi?" Nami nacheka, namjibu aniletee na mkia. Napewa pole nyingi kila siku, dada, na zote ni za mguu.

Hiyo ndiyo sababu siji harusini. Mjane aliye edani hasafiri, na hana haki ya kukaa penye hina na vigelegele. Nimekueleza wewe ili walau mtu mmoja wa damu yangu ajue nimefiwa.

Redio niliiacha kwa muda. Nyumba ikawa kimya mpaka nikawa nasikia mchwa kwenye boriti. Nikarudi kuzianika betri. Jumamosi iliyopita Ogwal alifunga tena, na mtangazaji akasema kuna timu kubwa mbili zinamtaka. Nikajikuta nalirudia bao lile nikiosha kikombe, pasi kutoka kulia, mguu wa kushoto, nisije nikalisahau. Kisha nikasimama na kikombe mkononi. Hakuna wa kumwekea.

Nina maombi mawili. La kwanza, msomeshee hitima huko Mombasa. Jina lake likatajwe kwa sauti, Tajudin bin Abdalla, pamoja na la baba yake, watu waitikie amina. Hapa analitaja mwalimu peke yake, tena kwa kunong'ona. Isomwe kabla ya harusi, na harusi isiahirishwe hata siku moja. Ngoma zipigwe, Naila ang'are. Asiambiwe mpaka ipite.

La pili ni la shemeji Umar. Perpétue amesikia kwamba fainali ya ligi hiyo itachezwa Mombasa mwezi ujao. Timu ya Ogwal imekwisha ingia, ya Kasereka bado inapigania. Namwomba shemeji aende uwanjani, hata hilo koti lisipofunga, awatafute. Awaambie mama amepata habari zao, na amewaelewa. Maana bado wanacheza na vile vitambaa, mtangazaji anawataja kila wiki, na Perpétue anasema vijana wamekonda. Wakubwa wa timu wanakuja kutazama wachezaji wepesi, hawaji kutazama matanga.

Awaambie wavivue. Katika dini yetu hakuna ruhusa ya kumfanyia maiti matanga zaidi ya siku tatu, awe mtoto wake, awe ndugu yake, isipokuwa mke kwa mumewe. Wao si wa dini yetu, najua, lakini waliyemlilia ni wetu, na walikuwa wanawe. Siku zao tatu wamezimaliza na kuzipita. Hizi zilizobaki ni zangu, nimepewa mimi peke yangu, na nitazikaa mpaka ziishe.

Basi nisalimie shemeji, mbusu Naila kipaji cha uso kwa niaba yangu, na wote wanaoniulizia waambie sina neno, mguu tu. Perpétue anakusalimu, anasema siku moja atakuja kuona hiyo bahari mnayojivunia. Wewe nakuombea kwa Mola umri na magoti mepesi. Usijibu kwa posta.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Mwanawetu